Gari ya kulala inakugomea njiani kwenda Kolo: dalili, chanzo na cha kufanya

Hii ni kwa wale wanaotoka Arusha na gari waliyoitengenezea kitanda, iwe Land Cruiser yenye hema juu, Hiace iliyotolewa viti au Coaster kabisa yenye jiko na sinki, wanaopita Makuyuni, Magugu, Babati mpaka Kolo kule Kondoa kuona michoro ya mapangoni. Njia ni lami mpaka Kolo penyewe kwaiyo watu wanaichukulia poa, wanajaza mizigo wanaondoka, af saa mbili usiku wako Babati giza totoro, friji imezima, maji hayatoki na mtoto analia. Simu zinazopigwa muda huo zinafanana sana, na karibu kila anayepiga ameshaamua kitu gani kimekufa, anachotaka ni bei ya kipya tu.

Subiri kwanza. Kwenye hizi gari dalili inatokea huku, ubovu umekaa kule, na mara nyingi ubovu wenyewe ni waya, klipu au fyuzi. Kwaiyo kabla ya kubeba spea beba mita ya umeme, ile ndogo ya kupimia volti, maduka ya vifaa vya umeme mjini zimejaa. Bila mita wewe unabahatisha, na fundi utakayemkuta njiani naye anabahatisha ila kwa hela yako.

FRIJI INAZIMA USIKU, ASUBUHI NYAMA IMELEGEA

Hapa ntakaa sana maana ndo kilio cha wengi.

Pima betri ya pili, yani ile ya nyumba sio ya kuwashia gari, friji ikiwa imezimwa na betri imetulia angalau nusu saa. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.1 au 12.0 imebaki kama nusu, na hapo ndo mwisho wa kuinyonya, maana betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku haikai muda mrefu. Ndo maana betri iliyoandikwa 100Ah (Ah ni ampia-saa, ampia moja kwa saa moja ni 1Ah) we hesabu una 50 za kutumia. Friji ndogo ya kompresa inakula ampia 3 mpaka 5 ikiwa inafanya kazi, na haifanyi kazi muda wote, inawaka inapumzika, kwaiyo usiku mzima inaweza kula 15 mpaka 20Ah hivi, Magugu na lile joto lake inakula zaidi. Maana yake betri nzima, iliyojaa, inatakiwa ikufikishe asubuhi bila wasiwasi. Isipokufikisha kuna jambo.

Sasa angalia mita imesema nini.

Imesoma vizuri, 12.4 kwenda juu, lakini friji imezima au inawaka inazima: betri haina kosa, shida ni waya. Watu wanavuta waya mwembamba wa 2.5mm kutoka kwenye betri mbele mpaka friji iko nyuma, mita tano, kwenda na kurudi kumi. Friji ikivuta ampia 5 waya huo unakula kama volti 0.35, na pale kompresa inapostuka kuwaka inavuta zaidi. Kwaiyo usiku betri ikishuka mpaka 12.1, friji inaona 11.7 au pungufu, inaamua betri imeisha, inajizima kujilinda. Weka mita kwenye plagi ya friji yenyewe wakati kompresa inawaka, af pima kwenye betri muda huohuo. Tofauti ikizidi nusu volti badilisha waya, weka wa 6mm na fyuzi yake karibu na betri. Na ile plagi ya sigara, jamani, ile sio plagi ya kuiamini kwenye rafurodi, inacheza, inapata moto, inayeyuka. Friji nyingi pia zina daraja za kujizima, ya juu, ya kati na ya chini. Ya juu ni kwa ajili ya kulinda betri ya kuwashia gari, sasa kama una betri ya pili shusha daraja na nusu ya matatizo inaisha hapohapo bila kununua kitu.

Imesoma chini, 11.8 au pungufu: aidha haikuchajiwa au kuna kitu kinainyonya. Washa gari, pima betri zote mbili. Ya mbele ikisoma 13.8 mpaka 14.4 dinamo inafanya kazi. Ya pili ikibaki 12 na ushee basi umeme haufiki nyuma. Fuata waya kwa mkono kutoka betri ya mbele, utakutana na fyuzi kubwa, af ile rilei inayounganisha betri mbili, na mara nyingi kabla hata hujafika kwenye rilei utakutana na temino ya betri ina unga mweupe wa kijanijani umejaa chini ya klampu, kwa juu inaonekana imekaza vizuri ila ukiizungusha kwa vidole inazunguka. Hiyo ndo yenyewe. Zima gari, toa hasi kwanza, mwagia maji ya moto, sugua na msasa mpaka uone risasi inang'aa, kaza, paka grisi juu. Nimeona mtu amenunua betri mpya mbili kwa sababu ya unga huo.

Kama temino ni safi na rilei haishiki, angalia umri wa gari. Rilei nyingi zinashika volti zikifika 13.3 hivi. Gari za zamani hazina shida, ila gari nyingi za siku hizi dinamo zake zina akili, zikiona betri ya mbele imejaa zinapunguza volti, rilei inaachia, unaendesha Arusha mpaka Babati masaa matatu betri ya nyuma haijapata kitu. Hapo dawa ni chaja ya kati ya betri mbili, sio rilei nyingine.

Sola nayo: paneli ya wati 100 saa sita mchana inatoa ampia 5 au 6, lakini ukiegesha chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli haitoi kitu cha maana, hata kivuli cha tawi moja kinaiua, af vumbi. Ifute na kitambaa chenye maji jioni ukifika, sio asubuhi unapoondoka.

Mwisho kwenye umeme, inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Ukichemsha maji ya chai na birika la umeme la wati 1000 kupitia inveta unavuta ampia karibu 100 kwenye betri. Dakika tano tu na mita inakimbia chini. Na inveta yenyewe ikiachwa imewaka bila kazi inakula kidogokidogo usiku kucha. Chai chemsha na gesi.

MOTO WA GESI NI WA NJANO, UNATOA MASIZI

Moto mzuri ni wa bluu. Njano yenye masizi maana yake hewa haitoshi kuchanganyika na gesi, na baada ya vumbi la siku nzima chanzo ni uchafu kwenye kitundu cha gesi au kwenye matundu ya hewa chini ya bana (kile kichwa moto unapotokea). Fungua, puliza, safisha na brashi ya meno. Usichokonoe kitundu na sindano, ukikipanua umeharibu. Ukipanda sehemu za juu kama Karatu kuelekea ukingo wa Ngorongoro hewa ni nyepesi, moto unabadilika kidogo, hiyo ni kawaida. Moto ukiruka juu na kushuka kama unakohoa, angalia mtungi, labda umelala ubavu na gesi ya maji inaingia kwenye regulata. Mtungi unasimama, siku zote, hata njiani.

Ukisikia harufu paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio, mapovu yakikua ndo hapo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inakaa sakafuni, kwaiyo tundu la hewa liwe chini sio dirishani tu. Na hili silisemi kwa utani: jiko la mkaa haliingii ndani ya gari kupasha joto, hata kama umeacha kioo wazi kidogo. Ule moshi usioonekana hauna harufu na aliyelala haamki. Baridi ikizidi ongeza blanketi.

PAMPU YA MAJI INALIA, MAJI HAYATOKI

Pampu inazunguka bila kusimama na bomba linakohoa hewa: tanki limeisha, au inanyonya hewa njiani. Angalia kile kichujio kidogo cha plastiki kabla ya pampu, kifuniko chake kikilegea kidogo tu pampu inanyonya hewa badala ya maji. Kaza kwa mkono, paka grisi isiyo na sumu, ile ya vifaa vya chakula, kwenye oringi (ule mpira wa duara wa kifuniko).

Mabomba yote yamefungwa lakini pampu inastuka kila baada ya muda, tk-tk-tk, usiku kucha: kuna maji yanavuja mahali. Pitisha tishu kavu kwenye kila ungio, itakayolowa ndo hiyo, kaza klipu. Ukishindwa kuipata usiku zima swichi ya pampu ulale, maana kama inavuja chini ya kitanda utaamka na godoro limelowa.

Pampu kimya kabisa: fyuzi. Fyuzi nzima? Rudi kule juu kwenye volti.

Af kuhusu maji yenyewe, sisi wa huku tunajua, maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, ndo hayo yanayopaka meno kahawia. Kuchemsha hakutoi floraidi, kunapunguza maji tu madini yanabaki palepale. Tanki la gari litumie kuoshea na kuogea, ya kunywa beba pembeni.

HEMA LINAVUJA ILA MVUA HAIJANYESHA

Halivuji. Ni pumzi zenu. Watu wawili wamelala wamefunga zipu zote, mvuke unagonga turubai baridi unakuwa matone. Fungua madirisha mawili yanayoangaliana, acha neti tu. Kama unyevu uko chini ya godoro basi godoro limelala moja kwa moja kwenye bati, weka kitu cha kupitisha hewa katikati. Kama kweli imenyesha na maji yameingia kwenye mshono, nta ya mishumaa inasaidia mpaka ufike nyumbani.

GARI INACHEMSHA KUPANDA BEREKO

Ukitoka Babati unapita Bonga af mlima unaanza, kona na mwinuko mrefu mpaka Bereko, na ndo hapo gari yenye mzigo inaonyesha tabia. Mshale wa joto ukianza kupanda zima ac, washa hita ya ndani kwa nguvu zote (ndio, mtatoka jasho), shusha gia, usikanyage sana. Ukiendelea kupanda simama pembeni pasipo na kona. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto, maji yale yana presha yatakurukia usoni.

Ikishapoa chanzo kitafute kwa mpangilio huu. Kulanti, yani maji ya kupozea injini, imepungua? Angalia mipira na chini ya pampu ya maji. Kulanti ipo? Angalia mbele ya rejeta, mbegu za nyasi na wadudu vinajaa pale kama ulipita porini, vinaziba mlango wa hewa. Rejeta safi? Fani, kwenye dizeli nyingi ile klachi ya fani inachoka, injini ikiwa ya moto na imezimwa izungushe kwa mkono, ikizunguka kirahisi bila upinzani imekwisha. Kinachobaki ni themostati. Lakini kabla ya vyote hivyo jiulize umebeba nini. Lita moja ya maji ni kilo moja, tanki la lita 100 limejaa ni mtu mzima na nusu umempakia, af juu kuna hema, majerikeni, tairi na viti. Tanki lijaze Babati nusu, maji huku yapo.

Na kurudi, kwenye mteremko uleule, ukisikia breki zinanuka na pedali inazama, ni breki zimepata moto. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia, breki iwe ya kugusa na kuachia.

UMEFIKA USIKU NA HUNA PA KULALA

Hili nalo ni tatizo na lina chanzo, chanzo chake ni kutoka Arusha saa nane mchana. Vijiji vyote vina kibao cha 50 na trafiki wapo, malori yapo, ikifika saa moja jioni ni giza. Kipande cha Kwakuchinja ni mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Manyara, usiku twiga anavuka lami hana taa. Kwaiyo toka asubuhi, lala Babati, kesho yake asubuhi ndo uende Kolo. Babati kuna gesti nyingi zenye uwanja wa geti, watakuruhusu ulale kwenye gari yako ukilipia choo na bafu. Karibu na ziwa pazuri ila viboko wanatoka usiku kula majani, usiegeshe ufukweni.

Ukichelewa kabisa ukajikuta kijijini, usijifiche porini. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji.

“Shikamoo mzee. Tunaomba tulale na gari hapa uwanjani, alfajiri tunaondoka.”

“Marahaba. Mko wangapi? Haya andikeni majina hapa, na moto msiwashe karibu na lile boma.”

Imeisha. Ukijificha watu wataiona gari tu, na watakuja saa saba usiku kuuliza nyie ni kina nani wakiwa na marungu, na wana haki.

KOLO: UMEKWAMA MCHANGANI, AU UMEFIKA HUONI KITU

Kwanza usipitilize, simama ofisi ya malikale pale Kolo barabarani, unalipia unapewa mwongozaji, bila mwongozaji hauendi. Michoro hii iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, sio pango la kijiji unaingia tu. Kutoka ofisini mpaka chini ya kilima kuna kilomita kadhaa za vumbi, mchanga na makorongo. Udongo wa Kondoa unamomonyoka vibaya, ndo maana serikali ilianzisha mradi wa HADO mwaka 1973 kuuokoa, na makorongo mekundu utayaona mwenyewe. Kama umekuja na Coaster iache ofisini utafute bodaboda au gari ya wenyeji. Usibishane na mwongozaji kwenye hili.

Umeingia mchangani tairi zinazunguka palepale: acha kukanyaga, kila ukikanyaga unachimba. Shusha upepo mpaka kama 20 PSI, toa mchanga mbele ya tairi zote, rudi nyuma kwenye alama zako ulizokuja nazo. Upepo ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, tairi laini kwenye mwendo inapata moto inapasuka.

Umeweka four, taa imewaka, tairi za mbele hazizunguki: kama ni Land Cruiser ya zamani, shuka uangalie katikati ya ringi za mbele, kuna kidude cha kuzungusha kimeandikwa FREE na LOCK. Kiko FREE. Zungusha zote mbili, kushoto na kulia, moja haitoshi. Watu wengi walionunua gari mkononi hawajui kama kile kitu kipo, wanaenda kubadilisha mpaka giaboksi.

Umepanda kilima kwa miguu, umefika kwenye mwamba, huoni michoro: macho yametoka kwenye jua kali, kaa kivulini dakika chache kimya. Itaanza kutokea yenyewe, kwanza wekundu usioeleweka, af mguu, af mtu mzima mrefu mwembamba, pofu, twiga. Kuna ile ya watu wembamba wenye vichwa vikubwa, mmoja wa katikati kama anavutwa mikono huku na huku, wengine wanasema anatekwa wengine wanasema wanacheza ngoma, mwongozaji atakupa yake. Nyekundu nyembamba zinahesabiwa kuwa za wawindaji wa zamani, nyeupe nzitonzito ni za baadaye, za wakulima. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja huku mwaka 1951 kuzinakili. Usimwagie maji mwamba ili rangi ikolee, maji yanavuta chumvi kutoka ndani ya jiwe inabaki utando mweupe juu ya mchoro, ndo ujue umeufuta taratibu. Flashi zima, mkono usiguse. Na ukikuta dalili za tambiko, wenyeji bado wanatambika huku Mungomi (ndo jina la hapa penye michoro ya Kolo), pita pembeni usipige picha.

GARI INAGONGA KWA CHINI BAADA YA KOLO

Kabla hujaondoka ofisini lala chini uangalie. Mlio wa kloko-kloko kwenye kila shimo ni bushi za shokapu au shokapu lenyewe limekatika kichwa. Mlio wa bati ni ngao ya joto ya ekzosi, ifunge na waya wa binding utafika. Usukani ukitetemeka kwenye lami wakati mwanzo haukutetemeka, angalia kama ringi imejaa tope kavu upande wa ndani, likwangue, ndo linaharibu balansi. Af chukua spana ya magurudumu ukaze nati zote, na pitisha mkono kwenye klipu za maji na temino za betri. Kama betri imelegea kwenye kiti chake ifunge na kamba ya mpira mpaka Babati, pale stendi wapo mafundi wa kuchomelea.